Fedha ya Wanachama na Soko la Mitaji: Somo Juu ya Uwekezaji Endelevu



Chama kinachoendeshwa vizuri hufikia siku ambayo, baada ya wakulima kulipwa na madeni kumalizwa, hubaki fedha zisizo na kazi ya haraka. Fedha hizo si za katibu wala si za bodi. Ni jasho la wanachama, shilingi moja moja iliyokatwa katika kila kilo ya pamba, kahawa au korosho. Kwa hiyo swali la mahali pa kuziweka ni la mkutano mkuu mzima, wala halistahili kujibiwa na watu wawili ofisini.

Katika miaka ya karibuni swali hili limepata sura mpya. Mabenki, mamlaka za maji na makampuni yamekuwa yakiwaalika wananchi kununua hatifungani ziitwazo za kijani, za jamii au endelevu. Mwaliko huo hutaja faida ya mnunuzi na faida ya nchi kwa pumzi moja. Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha mwanachama kuupima mwaliko wa namna hiyo kabla hajainua mkono kuukubali au kuukataa. Katibu anaombwa alisome mbele ya wanachama sehemu kwa sehemu, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe katika vikundi.

1. Maana ya uwekezaji endelevu

Kuwekeza ni kutoa fedha leo ili zifanye kazi na kurudi baadaye zikiwa na ziada. Uwekezaji huitwa endelevu iwapo kazi hiyo haiharibu kile ambacho ziada ya kesho itatoka ndani yake: udongo, maji, misitu, afya za watu na uaminifu wa viongozi.

Tuchukue mfano wa mtu anayekodisha shamba lake. Mpangaji wa kwanza anaahidi kodi kubwa, lakini atakata miti yote na kulima mteremkoni bila matuta. Mpangaji wa pili anaahidi kodi ya wastani, naye atatunza udongo. Mwenye shamba akitazama mwaka mmoja tu, atamchagua wa kwanza. Akitazama miaka kumi, ataona kwamba kodi ile kubwa ilikuwa ni kuuza shamba lenyewe kidogo kidogo. Hivyo basi uwekezaji endelevu si sadaka. Ni hesabu ileile ya faida, isipokuwa imefanywa kwa muda mrefu zaidi na imehesabu gharama ambazo wengine huziacha nje ya daftari.

Wanaushirika hawana haja ya kuliona jambo hili kuwa geni. Mwaka 1995, katika mkutano wa Manchester, Uingereza, Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Kimataifa ulikubali kanuni ya saba ya ushirika, yaani kuijali jamii, ambayo inavitaka vyama kufanya kazi kwa ajili ya maendeleo endelevu ya jamii zao. Kanuni hiyo haiishii ghalani na kwenye mizani. Inafuata fedha za chama popote zinapokwenda.

2. Kazi tatu za soko la mitaji

Watu wengi wakisikia habari za soko la hisa hudhani ni mahali pa kubahatisha. Hapana budi tueleze kazi zake halisi. Hapa Tanzania sheria ya masoko ya mitaji na dhamana ilitungwa mwaka 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara tarehe 15 Aprili 1998. Huuzwa humo hisa na hatifungani. Mwenye hisa ni mmiliki wa sehemu ya kampuni: hupata gawio faida ikipatikana, na hupiga kura katika mkutano wa wenye hisa. Mwenye hatifungani ni mdai: amekopesha fedha kwa muda maalumu na kwa riba iliyotajwa, wala hana kura. Ndugu zetu wakumbuke tofauti moja kubwa. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, ilhali katika kampuni kura huhesabiwa kwa hisa, na mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti.

Kazi ya kwanza ya soko ni kukusanya. Haba na haba hujaza kibaba: akiba za watu wengi, ambazo kila moja peke yake haiwezi kujenga hata tangi la maji, zikiunganishwa hujenga mtambo mzima.

Kazi ya pili ni kupanga bei ya fedha. Mkopaji anayeaminika hupata fedha kwa riba ndogo. Mwenye mashaka hutozwa zaidi. Kwa njia hii soko hupeleka ujumbe: shughuli ipi inaaminika, na ipi inaogopwa.

Kazi ya tatu ni kufungua mlango wa kutokea. Aliyekopesha kwa miaka kumi huenda akazihitaji fedha zake mwaka wa tatu. Soko humwezesha kumwuzia mwingine hatifungani yake bila kumsumbua aliyekopa. Hata hivyo, mlango huo haufunguki wakati wote kwa bei ile ile, na hapa wengi hujikwaa. Tutazame hesabu.

Chama kina hatifungani ya shilingi 1,000,000 yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, yaani shilingi 135,000. Baada ya kuinunua, riba za hatifungani mpya zinapanda hadi asilimia 15. Mnunuzi hatatoa shilingi 1,000,000 kwa kitu kinachompa 135,000 wakati mahali pengine atapata 150,000. Atataka kupunguziwa bei. Tukichukulia kwamba riba hulipwa mara moja kwa mwaka na deni lote hurudishwa mwishoni, hatifungani iliyobakiza mwaka mmoja itauzwa kwa takriban shilingi 987,000. Iliyobakiza miaka kumi itauzwa kwa takriban shilingi 925,000. Kadiri muda uliobaki unavyokuwa mrefu, ndivyo bei inavyoyumba zaidi. Riba zikishuka, bei hupanda kwa utaratibu huohuo. Anayeweza kungoja hadi mwisho hatapata hasara hii, madhali mkopaji analipa. Anayelazimika kuuza njiani ndiye atakayeipata. Tena aghalabu hatifungani za makampuni hapa kwetu huwa na wanunuzi wachache, na muuzaji mwenye haraka hukubali bei anayopewa.

3. Fedha mpya na fedha inayobadili mikono

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Mtu akinunua hisa au hatifungani, je, fedha zake zimefanya kazi gani duniani?

Jibu linategemea ananunua kwa nani. Hatifungani inapotolewa kwa mara ya kwanza, fedha za mnunuzi huingia katika mfuko wa mkopaji na hununua mabomba, mitambo au mashine. Hilo ni soko la awali. Baadaye mnunuzi wa kwanza akimwuzia wa pili, fedha hupita kutoka mkono wa mwananchi mmoja kwenda mkono wa mwananchi mwingine. Mkopaji hapati hata senti moja ya ziada, wala bomba jipya halifukiwi. Hilo ni soko la upili.

Mfano ni gunia la mbolea. Chama kikiagiza mbolea kiwandani, kiwanda hutengeneza. Mwanachama akimwuzia jirani yake gunia alilonunua jana, hakuna mbolea iliyoongezeka kijijini. Imehama ghala tu.

La hasha, hatusemi kwamba soko la upili halina maana. Bila mlango ule wa kutokea, wengi wangeogopa kuingia katika soko la awali. Tena bei ya soko la upili humwonyesha mkopaji atatozwa riba gani akirudi kukopa. Lakini mwanachama asidanganywe kwamba kila ununuzi wa karatasi yenye neno la kijani umepanda mti. Ajiulize: je, fedha zetu ni mpya kwa kazi hii, au tunanunua nafasi ya mtu anayeondoka? Kama ni la pili, basi faida yetu kwa nchi ni ndogo, na tuhesabu riba peke yake. Katika hisa kuna njia nyingine ya kuleta manufaa, nayo ni kura. Mwenye hisa anayehudhuria mkutano na kuuliza kampuni inamwaga wapi maji yake machafu hufanya kazi ambayo fedha yake peke yake haikuifanya.

4. Mfano wa maji ya Tanga

Tufuate fedha katika mfano mmoja wa kweli. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilizindua hatifungani ya kijani ya miaka kumi, yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili kwa mwaka. Zilipatikana zaidi ya kiasi kilichotafutwa, na mwezi Mei mwaka huohuo hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Kazi iliyokusudiwa ilitajwa wazi: kupanua na kuboresha miundombinu ya maji katika Jiji la Tanga na katika miji ya Muheza, Pangani na Mkinga, ili uzalishaji uongezeke kutoka mita za ujazo 45,000 kwa siku hadi 60,000. Chanzo cha malipo nacho kilitajwa: ni mapato ya mamlaka yenyewe, yaani ankara za wateja wa maji.

Hapo tunaona mnyororo mzima. Mwenye akiba anatoa fedha; mamlaka inajenga; mwananchi anapata maji na kulipa ankara; ankara zinalipa riba na deni. Kila pete ikishika, mnyororo unavuta mzigo. Lakini ziko pete ambazo fedha hazizioni kwa urahisi. Maji ya Tanga hutoka katika bwawa la Mabayani, na bwawa hilo hulishwa na mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Huko juu wanaishi wakulima. Wakilima hadi ukingo wa mto, udongo hushuka bwawani, na gharama ya kusafisha maji hupanda. Wakitunza kingo na kupanda miti, maji hufika yakiwa safi. Wakulima wa huko walijiunga katika umoja wao wa kuhifadhi mazingira, UWAMAKIZI, kwa kazi hiyo hiyo ya kuulinda mto.

Funzo ni hili: deni la miaka kumi linalolipwa kwa maji ya mto hutegemea pia jembe la mkulima asiyejua kwamba hatifungani ipo. Mwekezaji mwenye busara husoma hesabu za mamlaka, halafu huuliza habari za chemchemi. Na ikiwa usalama wa riba yake watoka katika kingo zilizotunzwa, ni haki pia aulize: je, anayezitunza kingo hizo anapata nini? Swali hilo ndilo linalotenganisha uwekezaji endelevu na ule unaojiita hivyo.

5. Jina si kazi

Katika biashara hii jina zuri huuza. Kwa hiyo wapo wanaolipaka bango rangi ya kijani ilhali kazi ya ndani haikubadilika. Kampuni ya DWS, ambayo husimamia mifuko ya uwekezaji na humilikiwa kwa sehemu kubwa na Deutsche Bank ya Ujerumani, iliwaeleza wateja wake kwamba inazingatia mambo ya mazingira na jamii katika kuchagua mahali pa kuwekeza. Mwezi Septemba 2023 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilitangaza kwamba maelezo hayo hayakulingana na utaratibu uliofuatwa, na kampuni hiyo ya Marekani iliyo chini ya DWS ikakubali kulipa faini ya dola milioni 19 kwa shauri hilo. Mwezi Aprili 2025 waendesha mashtaka wa Frankfurt waliitoza DWS faini ya euro milioni 25 kwa jambo la namna hiyo hiyo. Ikiwa wateja wenye wanasheria na wataalamu waliweza kuelezwa yasiyo sawa, chama cha msingi kisione aibu kuuliza maswali.

Kwa bahati njema upo utaratibu wa kuuliza. Kanuni za hatifungani za kijani, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2014, zina nguzo nne, nazo zafaa kuwekwa ukutani katika ofisi ya chama:

(a) Matumizi. Fedha zitafanya kazi gani hasa? Maneno kama "kusaidia mazingira" hayatoshi. Itajwe mitambo, eneo na kiasi.

(b) Uchaguzi. Nani aliichagua kazi hiyo, na kwa vigezo gani?

(c) Usimamizi. Fedha zimewekwa katika akaunti yake na kufuatiliwa, au zimechanganywa na fedha nyingine mpaka hazitambulikani?

(d) Taarifa. Wanunuzi wataelezwa lini na kwa namba zipi kilichofanyika? Je, mkaguzi wa nje ataithibitisha taarifa hiyo?

Majibu hutafutwa katika waraka wa matarajio, ambao hutolewa pamoja na mauzo. Waraka huo ni mrefu na lugha yake ni ngumu, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bodi ikishindwa kuuelewa, imwombe afisa ushirika au mshauri mwenye leseni auelezee. Asiyeweza kueleza kwa maneno mepesi anachokiuza, chama kisimpe fedha.

6. Fedha zipi za chama ziende sokoni

Kosa kubwa kuliko kuchagua hatifungani mbaya ni kupeleka sokoni fedha zisizostahili kwenda. Bodi izigawe fedha za chama katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni fedha za msimu: malipo ya wakulima, magunia, usafiri na mishahara. Hizi zisiguswe kamwe. Mkulima aliyeleta mazao yake hawezi kuambiwa angoje mnunuzi wa hatifungani apatikane Dar es Salaam. Hapo uaminifu wa chama utavunjika, na uaminifu haununuliwi katika soko lolote.

Fungu la pili ni akiba ya tahadhari, kwa ajili ya ukame, bei kuanguka au ghala kuezuliwa na upepo. Hizi ziwekwe mahali zinapopatikana upesi, hata kama riba ni ndogo.

Fungu la tatu ni fedha za muda mrefu. Hizi peke yake ndizo zinazoweza kufikiriwa kwa hatifungani, tena kwa kufuata sheria ya vyama vya ushirika, masharti ya chama, na idhini ya Mrajis pale inapotakiwa. Zisiwekwe zote kwa mkopaji mmoja. Na riba ilinganishwe na mfumuko wa bei pamoja na gharama za dalali, maana riba inayotangazwa si riba inayobaki mkononi.

Kabla ya uamuzi, mkutano ujiulize swali la mwisho: je, fedha hizi zingefanya kazi gani hapa nyumbani? Ghala lisilovuja, kichanja cha kuanikia kahawa, au mtambo wa umeme wa jua wa kukoboa mpunga ni uwekezaji endelevu pia, na wanachama wanaweza kuukagua kwa macho yao. Soko la mbali lilinganishwe na kazi ya karibu kwa kalamu na karatasi, bila kulipendelea la mbali kwa ugeni wake wala la karibu kwa mazoea.

7. Chama kama mtafuta mtaji

Mpaka hapa tumemtazama mwanaushirika kama mtoa fedha. Tumtazame sasa kama mhitaji. Mwaka 2022 Benki ya NMB ilitoa hatifungani iitwayo Jasiri, kwa ajili ya kuwakopesha wanawake wajasiriamali. Ilitafuta shilingi bilioni 25, ikapata zaidi ya bilioni 74. Mwaka 2023 Benki ya CRDB, ambayo jina lake lilitokana na iliyokuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, ilitoa hatifungani yake ya kijani kwa kutafuta bilioni 40. Ikapata zaidi ya bilioni 171.

Takwimu hizi zatuambia kwamba akiba ipo nchini, na wenye akiba wako tayari kuitoa kwa kazi za namna hii. Mabenki yaliyokusanya fedha hizo hutafuta watu wa kuwakopesha. Chama chenye hesabu zilizokaguliwa, orodha kamili ya wanachama, kumbukumbu za mazao kwa misimu kadhaa na mchoro wa mradi unaoeleweka kinaweza kubisha hodi. Chama kisicho na daftari kitabaki nje, hata kama wanachama wake ni wachapakazi kuliko wote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtaji nao, bila daftari, hauji.

8. Wajibu wa katibu baada ya kununua

Uwekezaji haumaliziki siku ya kulipia. Katibu afungue daftari la uwekezaji lenye jina la mkopaji, kiasi, riba, tarehe za malipo, tarehe ya mwisho na kazi iliyoahidiwa. Kila riba inapoingia aiandike, na ikichelewa aieleze bodi mara moja. Kila mwaka asome taarifa ya mkopaji na kuuliza: mabomba yaliyoahidiwa yamefukiwa? Watu waliotajwa wanapata maji? Majibu hayo yasomwe katika mkutano mkuu pamoja na mapato na matumizi, ili wanachama wajue fedha zao zimeleta kiasi gani, na zimefanya kazi gani huko zilikokwenda.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Eleza tofauti kati ya soko la awali na soko la upili. Toa mfano wako mwenyewe wa kijijini.

2. Kwa nini hatifungani ya miaka kumi hupungua bei zaidi ya ile ya mwaka mmoja pindi riba zinapopanda?

3. Katika mfano wa Tanga, taja watu wote wanaohitajika ili deni lilipwe. Ni nani kati yao asiyepata riba?

4. Gawanyeni fedha za chama chenu katika mafungu matatu. Je, fungu la tatu lina kitu?

5. Kama mtaalamu wa benki angefika kesho kukagua chama chenu kwa ajili ya mkopo wa mradi, ni daftari gani lingewaaibisha? Nani atalirekebisha, na kabla ya tarehe gani?

Majibu ya swali la tano yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, na yafuatiliwe katika kikao kinachofuata.